Haika na Kitambaa Namba Arobaini na Moja

Haika hapendi baridi, na zaidi ya baridi hapendi watu wanaosema wanaipenda. Minnesota wamejaa. Utamkuta mtu kasimama kituo cha basi, kamasi zimemgandia kwenye masharubu, kope zimekuwa nyeupe kama amemwagiwa unga, anakwambia leo si mbaya sana, upepo hakuna. Haika humtazama tu. Angekuwa kwao Marangu angeshaita watu waje wamshike.

Hata hivyo kila Jumamosi ya tatu ya Januari, tangu mwaka wa tisini na moja, mwanamke huyu huyu huvaa soksi jozi mbili, hujipaka mafuta ya mgando usoni mpaka akang'aa kama sufuria jipya, akatoka nyumbani kwake Columbia Heights kwenda kukimbia maili tano kulizunguka ziwa lililoganda na kurudi kwa nyuma ya makaburi. Hafukuzwi na mtu. Hajaiba kitu.

Ukimuuliza anafuata nini, atakujibu, "Supu." Uongo mtupu. Supu yenyewe ni ya maharage meupe na karoti, haina ndimu, haina pilipili, mgonjwa wa tumbo angelalamika. Anachofuata ni kitambaa, na habari ya kitambaa ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mwaka ule wa kwanza hakukusudia kukimbia. Alikuwa na miezi miwili tu Marekani, kamfuata mumewe aliyetangulia kusoma. Mume alikuwa amesoma kweli, amesoma hadi akasahau kuwa ana mke, na Haika alipofika na masanduku yake alikuta sahani za watu wawili kwenye kabati na wa pili si yeye. Hakulia. Alizichukua sahani zile, akahama nazo. Akapata kazi nyumba ya kutunzia wazee huko Minneapolis, kuwaogesha na kuwageuza, na msimamizi pale alipoona jina Haika limemshinda, akamwandikia kwenye beji Helen. Haika akaivaa Helen kifuani kama mtu aliyeazimwa blauzi.

Basi Jumamosi hiyo alikuwa anakatiza bustani ya ziwa kwenda kuwahi basi. Akakuta watu kama mia na hamsini wamejipanga, wazee kwa vijana, wanarukaruka. Bibi mmoja mfupi, kavaa aproni juu ya koti kubwa, akamwona amesimama anashangaa, akamjia moja kwa moja, akatoa kitambaa cha buluu chenye namba arobaini na moja, akambandika kifuani kwa pini nne.

Hapo mtu wa nchi nyingine angeuliza. Haika alisoma shule ya msingi Tanzania. Aliamshwa alfajiri miaka saba kwenda mchakamchaka, kukimbia kwa nyimbo, mwalimu nyuma na fimbo, hujaulizwa kama unataka. Akaona kumbe na huku wanao, ila wao ni kwa mtaa mzima, na kwamba mgeni akikataa huenda akaandikwa mahali. Alipoona watu wanaondoka, naye akaondoka. Alikimbia na koti lake la mtumba, na pochi begani, na chakula chake cha kazini, wali na maharage, kwenye bakuli la plastiki kwapani. Mdomoni anavuma wimbo wa shuleni ili asiachwe na hatua. Maili tano. Nyuma yake alikuwapo mtu mmoja tu, mzee aliyefungwa bandeji gotini.

Walipomaliza, yule bibi akamuuliza jina. Haika alikuwa hana pumzi ya kuwa Helen. Akasema la kwake. Bibi akamwomba alirudie, akalirudia, akaandika kwenye karatasi, akamwonyesha kama limekaa sawa. Ndiye Margaret. Mjane, fundi cherehani mstaafu, mbio zile ni zake na za kanisa lake dogo la mtaani. Vitambaa alivishona mwenyewe kutoka mapazia ya zamani ya kanisa. Kila mwaka baada ya mbio unakirudisha, naye hukifua, hukipiga pasi, na kwa ndani hukitia jina lako kwa uzi mwekundu. Kisha kinakwenda kwenye sanduku la bati mpaka Januari nyingine. Namba ni yako mradi urudi, na mradi uvuke kamba ya mwisho kabla ya kengele ya kufunga mbio. Usipokuja, au ukija ukavuka kengele imeshalia, Jumapili baada ya ibada Margaret anachukua kile kidude cha kufumulia nyuzi, anakufumua, anashona mwingine. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Hana upendeleo, wanasema aliwahi kumfumua dada yake wa tumbo moja.

Hakuna zawadi, hakuna kikombe. Wazungu wazima na akili zao wanakimbilia tambara la pazia. Lakini mwaka wa tisini na mbili Haika aliporudi, shingo upande, akijiambia anapita tu, Margaret alitoa arobaini na moja, akakigeuza, na ndani yake kulikuwa na HAIKA kwa uzi mwekundu, herufi zimenyooka kama zimepigwa rula. Haika alikiangalia muda mrefu. Halafu akasema pazia lenyewe limechakaa, akakivaa.

Ndiyo hivyo akawa anarudi. Tisini na tatu upepo ulimwangusha nyuma ya makaburi, na mama mmoja mwenye mimba akamwinua. Tisini na nne kulikuwa na baridi mpaka kengele yenyewe ilitoa sauti ya kikohozi. Miaka hiyo akiisimulia huisimulia kwa matusi, na ukimsikiliza vizuri utaona hataki umalize kikombe cha chai, asije akalazimika kuacha kusimulia.

Sasa nije kwa shemeji.

Gasto amemwoa mdogo wake Haika, Anastasia, wanakaa Bloomington. Ni msimamizi wa wabeba mizigo kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, na kwa jinsi anavyokaza tai ungedhani ndege zenyewe zinasubiri ruhusa yake. Pia ni mwenyekiti wa umoja wa Waafrika Mashariki. Umoja huo hauwezi kuchemsha yai bila kamati. Ukifiwa, kamati. Ukizaa, kamati. Mwanao akihitimu chekechea utapewa mwenyekiti, katibu, mtu wa usafiri na mtu wa vinywaji, na wote watafika mtoto amelala.

Mwanzoni mwa Januari tisini na sita Gasto akasikia kuwa gazeti la mtaa litatuma mtu kupiga picha za mbio. Jumapili ya wiki hiyo hiyo kikao kikakaa sebuleni kwake. Haika aliitwa akidhani ni msiba.

"Shemeji," Gasto akaanza, na Haika anamjua, neno hilo likitoka taratibu hivyo lina mzigo nyuma. "Umekimbia miaka mitano. Mwaka jana ulikuwa wa ngapi?"

"Nilimaliza."

"Wa ngapi?"

"Wa mia na thelathini na nane."

"Kati ya wangapi?"

"Mia na arobaini na wawili. Wanne niliwaacha."

"Mmoja alikuwa mjamzito," akasema Anastasia kutoka jikoni, na sebule nzima ikacheka.

Kulikuwa na mzee mmoja Mkenya, Zadock, aliyekuja Minnesota zamani za sabini na nne na hajachoka kuwakumbusha watu. Ndiye mgeni rasmi wa kila shughuli. Akakohoa kidogo kujipa nafasi.

"Dunia nzima inajua mbio ni zetu," akasema. "Sasa gazeti linakuja, na sisi tunapeleka mama wa watu anayemaliza na waja wazito. Hiyo ni aibu ya kanda nzima."

"Mimi sikuipeleka kanda," Haika akasema. "Nilijipeleka mwenyewe, na kwa miguu yangu."

"Ndiyo maana tumekuita, shemeji. Upumzike. Atakimbia Rodney."

Rodney alikuwa kwenye kona ya kochi na sahani ya sambusa magotini. Kijana wa Nairobi, Buruburu, amekuja Agosti kusomea uhasibu, hajaona theluji ila kwa miezi miwili tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, Mkenya. Kamati ikaona ushahidi umetosha.

"Uncle, mimi si mtu wa mbio," Rodney akasema. "Huko shule nilikuwa nacheza drafti."

"Mmemsikia," Gasto akawageukia wenzake. "Mabingwa wote huongea hivyo hivyo."

"Na Buruburu si huko huko milimani kwa wakimbiaji?" akauliza mjumbe mmoja wa kutoka Bukoba.

Zadock aliyejua Buruburu iko wapi akatazama dari.

Nafasi zilikuwa zimejaa tangu Novemba. Namba pekee iliyokuwa ndani ya ukoo, kwa maneno ya Gasto, ilikuwa arobaini na moja. Haika akasimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote sita bila haraka, kila kifungo wakikisubiri.

"Sitoi," akasema.

"Dada, mpe tu yaishe," Anastasia akamsindikiza mpaka mlangoni. "Ni kitambaa tu."

"Hata wewe ulipewa jina kanisani, ni maji tu. Nenda ukaugeuze wali, unaungua."

Akadhani amemaliza. Hakumjua Gasto. Ijumaa, siku moja kabla ya mbio, Gasto alivaa koti lake la hotelini lenye vifungo vya dhahabu, akaenda kwenye chumba cha chini cha kanisa vinapogawiwa vitambaa, akamwambia Margaret kwa huzuni kuwa Haika amestaafu, na familia imemtuma yeye achukue namba kwa ajili ya kijana wao. Margaret akampa. Margaret ni mtu wa kuamini koti.

Jumamosi asubuhi, nyuzi ishirini chini ya sifuri, Haika akafika mezani pa Margaret akanyoosha mkono. Margaret akamtazama kama aliyeona mtu aliyezikwa jana.

"Shemeji yako aliniambia umestaafu."

"Nimestaafu nini?"

Watu wa kule hawagombi. Wakichukia sana wanapanga upya vikombe. Margaret akapanga vikombe. Kisha akasema, "Kitambaa kimeshatoka, Haika, na sheria yangu unaijua. Jina ni la atakayevuka kamba amekivaa kabla ya kengele. Kijana akivuka nacho nitashona la kwake. Asipovuka, nitampa wa kwanza kwenye orodha. Samahani sana."

Kile kidude cha kufumulia kilikuwa pale pale juu ya kifuniko cha sanduku, kinang'aa. Haika akakiona. Miaka mitano alijifanya hajali, na sasa alijiona kama siku aliyokuta zile sahani za watu wawili.

Akazifuata gari za kamati. Na hapo naomba msinione natia chumvi. Kamati ilikuwa imeweka meza kuu. Kando ya barabara, upepo wa ziwa unakuja wima, wameweka meza mbili za kukunja, kitambaa cheupe, maua ya plastiki ya zambarau, viti vinne vya heshima vimefungwa utepe kwa nyuma kama vya maharusi, kiti cha katikati cha mgeni rasmi. Kulikuwa na kipaza sauti cha betri, ambacho betri yake ilikufa kwa baridi kabla mtu hajasema karibuni. Kulikuwa na pilau ndani ya chungu cha kuhifadhia moto. Mtu wa gazeti aliyapiga picha yale maua mara tatu, maskini, akijaribu kuelewa.

Kamati yenyewe ilikuwa ndani ya magari. Haika akagonga kioo cha Gasto. Kikashuka upana wa vidole viwili, na joto la hita likamgusa pua.

"Nipe kitambaa changu."

"Shemeji, usituharibie siku. Mgeni rasmi yuko gari ya nyuma."

Ndani, kiti cha nyuma, Rodney alikuwa na arobaini na moja kifuani. Alimwangalia Haika kwa macho ya mbuzi wa Krismasi. Kioo kikapanda.

Haika angeweza kurudi nyumbani. Kwa hakika alipiga hatua kama nne kuelekea kituo cha basi. Lakini alikuwa ameshajipaka mafuta, na ameshavaa soksi mbili mbili, na barabara ni ya serikali, si ya Gasto. Akaenda kusimama nyuma ya watu wote, kifua kitupu.

Saa tatu kamili wakaondoka. Rodney alichomoka kama aliyeiba kuku. Mikono huku na huku, magoti kifuani, akawapita hata waliovaa zile suruali za kubana zinazong'aa, wale ambao wakisimama husimama kwa mguu mmoja ili ujue ni wanariadha. Kamati ikapiga honi. Mtu wa gazeti akapiga picha. Gasto akashusha kioo kizima safari hii. Kisha wakapinda kona ya matete, na kona ile ikawameza.

Haika akaenda mwendo wake, kama wa mtu anayewahi sokoni lakini hataki kuonekana ana haraka. Alikuwa anafikiri jinsi jina linavyofumuliwa. Nyuzi hukatwa moja moja, halafu huvutwa, na pazia hubaki na vitundu. Angebaki vitundu. Kesho kutwa kazini angekuwa Helen, na hapa ziwani pia angekuwa hayupo.

Maili ya tatu, nyuma ya ziwa, akamkuta Rodney amekaa juu ya kichuguu cha theluji. Alikuwa amevaa raba za kitambaa, zile za kuchezea mpira wa kikapu, zimelowa na sasa zimeanza kuganda. Kofia hana. Masikio yamekuwa rangi ya majivu.

"Bingwa," Haika akasema.

"Auntie, siwezi kupumua. Nimekimbia dakika kumi tu, zingine nimetembea." Meno yaligongana. "Niliwaambia. Nilimwambia Uncle kila siku. Aliniambia niache unyenyekevu."

"Simama."

"Chukua kitu yako, Auntie. Please. Mimi sikuitaka." Akaanza kuhangaika na pini, vidole havikunjiki.

Haika akavua glavu. Vyuma katika baridi ile vinauma kama siafu. Pini ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaanguka kwenye theluji akaiacha, ya nne. Akakibandika kifuani mwake kwa pini tatu. Akatazama saa. Saa tatu na dakika arobaini na nne. Kengele ni saa nne na robo. Maili mbili zimebaki na dakika thelathini na moja; peke yake angefika na dakika tano za kumtukania Gasto.

Na alifikiria kumwacha. Mimi sitamsafisha. Trekta la kuokota waliobaki hupita baada ya kengele, na mtu wa maji wa mwisho walishampita. Mtoto wa kiume, mzima, ana miguu. Lakini aliyatazama masikio yale. Miaka mitano anageuza wazee vitandani, anajua nyama iliyo hai na nyama inayokufa. Huyu akikaa nusu saa hapa, watamwokota kwa koleo.

Akafungua koti, akaifungua kanga aliyojifunga kiunoni kukinga figo, ya njano yenye madoa mekundu, akamfunga Rodney kichwani na masikioni, fundo chini ya kidevu, kama bibi anayekwenda kisimani.

"Haya, twende. Mchakamchaka umewahi kuusikia?"

"Ni nini hiyo?"

"Elimu mliyokosa Kenya. Mimi naita, wewe unaitika, mguu wa kushoto unagonga kwenye kuitika. Ukinyamaza nakuacha, na naapa nakuacha." Akamshika mkono wa juu, akaanza kukimbia. "Nani kakuleta?"

"Uncle Gasto."

"Gasto tu. Uncle inakula pumzi. Nani kakuleta?"

"Gasto."

"Gasto yuko wapi?"

"Kwa gari."

"Hita imewashwa?"

"Imewashwa."

"Na wewe uko wapi?"

"Kwa barafu."

"Nani kakuleta?"

Mara mia. Mara mia mbili. Nyuma ya makaburi Rodney alianguka, na Haika akamwita majina ambayo hata kwenye mchakamchaka mwalimu hakuyatumia, akamwinua kwa kola. Kuna kipande kidogo cha mlima pale, si mlima, ni tuta, lakini Januari ni mlima. Wakapanda wakiitikia. Mzungu mmoja aliyebanwa na misuli akachukua hatua zao, akawa naye anajibu "Gasto", bila kujua anamlaani nani. Na Rodney, akapata joto, sauti ikarudi, akaongeza ya kwake bila kuulizwa:

"Pilau iko wapi?"

"Mezani," Haika akaitikia, mguu chini.

"Itakuliwa?"

"Imeganda."

Wakapinda kona ya mwisho, na meza kuu ikaonekana. Hakuna aliyeikalia. Maua ya zambarau yalikuwa yanabingirika barabarani. Mzee Zadock alikuwa ameondoka saa nne kasorobo kwa sababu hakuwa anahisi vidole vya miguu. Anastasia peke yake alikuwa nje, kajifunga blanketi, anachimba pilau kwa kijiko. Aliposikia wimbo unakuja, akainua kichwa, akasikia jina la mumewe linavyogongwa na miguu sita, akaweka kijiko chini.

Margaret alikuwa kwenye kamba, kengele mkononi, macho kwenye saa. Mkono ukapanda.

Yule Mzungu akatangulia kuvuka. Haika akamwachia Rodney. Hakuwa amewahi kukimbia hivyo, na hakukimbia tena hivyo maishani. Alikimbia kama koti halina uzito, pua inatoka, kanga hana, pini moja imefunguka inamchoma kifuani kila hatua, akavuka kamba, na kengele ikalia mgongoni kwake karibu kiasi kwamba aliisikia kwenye meno.

Rodney akafika baadaye kidogo akitembea, kanga kichwani. Gasto akatoka garini, tai imekaa sawa.

"Kitambaa kiko wapi? Umekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, Uncle. Nyuma ya Auntie."

Gasto akamgeukia Haika, akafungua mdomo. Haika akamwambia, "Funga, shemeji. Meno yataganda," akampita kwenda mezani kwa Margaret. Akavua kitambaa, akamkabidhi. Margaret akakigeuza, akaangalia uzi mwekundu, akachukua kile kidude cha kufumulia, akakitia mfukoni mwa aproni. Akamwekea supu. Haika akasema haina chumvi, akaomba nyingine.

Wiki iliyofuata gazeti likatoka na picha. Si ya meza kuu. Ilikuwa ya mwanamke wa makamo mwenye namba arobaini na moja, mdomo wazi, anamburuta kijana mrefu aliyefungwa kanga. Gasto alinunua nakala moja tu, akaificha. Anastasia akanunua tano.

Sasa ni tisini na tisa. Rodney ana kazi ya uhasibu katikati ya mji, ana tumbo dogo la ofisini, na ana kitambaa chake mwenyewe, mia na kumi na saba, alichokisubiri mwaka mzima kwenye orodha kama watu wengine. Hajawahi kumpita Haika, na sina hakika kama hawezi. Kila Januari wakifika nyuma ya ziwa, penye kile kichuguu, hupunguza mwendo, humwambia, "Auntie, kiti changu hicho." Haika humjibu, "Kaa basi." Wanaendelea. Ni jambo la kipuuzi na wanalirudia kila mwaka, na mwaka ambao theluji ilikuwa haba na kichuguu hakipo, wote wawili walisimama kukitafuta.

Mwezi wa Novemba uliopita Margaret alimpigia Haika simu. Alikuwa anapanga orodha ya wanaosubiri, na kulikuwa na jina jipya, bwana mmoja wa Bloomington, ameandika kwa mkono wa madaha kuwa yeye ni mwanzilishi wa mbio hizi kwa upande wa Waafrika Mashariki, na anaomba namba yoyote iliyo karibu na arobaini na moja.

"Unamfahamu?" Margaret akauliza.

"Namfahamu," Haika akasema. "Amestaafu."